Mama Hakulalamika

Kasoki Olive alikuwa akizalisha kwa sikio. Si kwamba vipimo hakuvijua. Alisomea ukunga Butembo, na cheti chake kilining'inia ukutani kwake kando ya picha ya Bikira Maria. Lakini kituo kile kidogo cha uzazi, kwenye barabara ya Sake kabla hujafika Mugunga, kilikuwa na vitanda sita na mkunga mmoja, na tangu vita visogee karibu na Goma kilipokea wanawake kumi, hata kumi na wawili kwa siku. Mtu mmoja hawezi kuwapima watu kumi na wawili kila saa. Kwa hiyo Olive alisimama katikati ya chumba, mikono ndani ya glavu, akasikiliza.

Wanawake wa kwao, Wanande, huwaita mama zao, na kadiri mtoto anavyoshuka ndivyo sauti inavyopanda. Wake wa Kiislamu wa Birere, ambao babu zao walitoka Maniema na biashara, humwita Mungu kwanza, kisha wanageukia waume. Tusi la kwanza likitoka, Olive alijua kichwa kiko mlangoni.

"Huyu wa dirishani bado," alikuwa akimwambia Ramla. "Yule ameanza kumtukana baba wa mtoto. Mlaze vizuri, nakuja."

Ramla alikuwa mfagiaji na mchemsha vyombo, mama mnene wa Birere, mwenye mdomo usiofungwa. Ndiye pia aliyekuwa mkalimani wa kituo. Kilingala, Kihunde, Kinyarwanda, vyote alivipata sokoni akiuza vitambaa. Mgonjwa asiyejua Kiswahili aliongea na Ramla, na Ramla akaongea na Olive, na mambo yalikwenda.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, wiki chache baada ya mji kuingia mikononi mwa wakubwa wapya, waasi waliosema Kinyarwanda, glavu zilikwisha. Ramla akatumwa Birere kuzitafuta. Saa tatu asubuhi, akiwa bado hajarudi, aliingia mwanamke kijana, peke yake, kwa miguu, na beseni la plastiki kichwani. Jina lake lilikuwa Nyiransengimana. Alikuwa wa milima ya Masisi. Kijiji chake kiliungua, akakimbilia kambi ya Mugunga, na kambi nayo ilipovunjwa watu waliambiwa warudi makwao, kana kwamba makwao bado palikuwepo.

Olive alimlaza kwenye kitanda cha ukutani. Akaweka tumboni pembe ya mti ya kusikilizia, akatega sikio. Moyo wa mtoto ulipiga mbio, wenye nguvu.

"Unaumwa sana?" akauliza.

Yule mwanamke alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Ntacyo."

Neno hilo hata Olive alilijua, maana Goma nzima inalijua. Si kitu. Basi akaenda kwa Jamila wa Birere, aliyekuwa na mapacha na aliyekwisha kumtukana mumewe, mama wa mumewe, na pikipiki ya mumewe. Mapacha wale walimchukua saa mbili. Katika saa mbili hizo kitanda cha ukutani kilikuwa kimya, na kimya, katika sikio la Olive, kilimaanisha bado.

Aliporudi, ilikuwa saa tano. Nyiransengimana alikuwa ameuma pindo la kitenge chake mpaka meno yamepita. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka nusu, wa kiume, rangi ya buluu, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Olive alimpulizia pumzi, akamsugua, akampulizia tena, akafanya yote aliyofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa na mtu. Mtoto hakulia. Na mama yake pia hakulia. Alitazama tu dari.

Katika daftari la kituo kuna safu ya mwisho, ya maelezo. Olive aliandika: *Kitovu shingoni. Mama hakulalamika.* Akafunga daftari, akanawa mikono, akaendelea na kazi. Alidhani ameiacha sentensi ile ndani ya daftari.

*

Olive alikuwa amepanga chumba huko Majengo, katika kiwanja cha muzee Adalbert, dereva mstaafu wa malori, Mnande kama yeye. Ua wenyewe ulizungushiwa mawe meusi ya volkano. Nyuma ya choo palikuwa na chumba cha mabati, kitupu tangu waliokuwamo wakimbie. Wiki mbili baada ya siku ile, Olive alirudi kazini akamkuta mtu anafagia mbele ya chumba hicho. Alikuwa Nyiransengimana. Mumewe, Twagirimana, alileta makaa kutoka Kibati kwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, na alikuwa amepata pa kulala.

Muzee Adalbert hakuwapa chumba kwa upendo. "Nyumba tupu inaingiwa na maaskari," aliwaambia wapangaji wengine. "Afazali bao bakae."

Olive alitaka kupita upesi. Lakini yule mwanamke aliweka ufagio chini, akamjia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Muganga," akasema. Kisha akawaonyesha majirani, kwa vidole na kwa mashavu yake mwenyewe, jinsi muganga huyu alivyompulizia mtoto wake pumzi, jinsi alivyohangaika, jinsi jasho lilivyomtoka. Jioni akaleta sahani ya maharage.

Maharage yale Olive aliyala akiwa amesimama, kama mtu anayekunywa dawa.

Tangu siku hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Asubuhi kwenye foleni ya maji, "Muganga." Akitoka misani, "Muganga." Angeweza kusema ukweli siku ya kwanza, ndiyo. Lakini kwa lugha gani? Kiswahili cha Nyiransengimana kilikuwa cha kununulia chumvi. Na Kinyarwanda, Olive alikuwa amekifungia mlango yeye mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, mdogo wake Prodige, utingo wa lori, aliuawa kwenye barabara ya kaskazini. Dereva aliyenusurika alisema waliowasimamisha waliongea Kinyarwanda. Kwenye kilio, mbele ya watu wote, Olive alisimama akaapa: "Luga ile haitapita kinywani mwangu mupaka nikufe." Na wanawake wakaitikia amina.

Hivi ndivyo tunavyowapanga wafu wetu hapa, kwa lugha. Muuaji akisema neno moja, lugha nzima inahukumiwa pamoja naye. Kisha mwanamke aliyemkimbia muuaji huyohuyo, akiwa na beseni lake kichwani, akisema neno lilelile, tunamtazama kama ndugu ya muuaji. Na tunajiona tuna akili.

Mkalimani angekuwa Ramla. Lakini neno ukimpa Ramla asubuhi, adhuhuri liko Birere. Na neno lenyewe lilikuwa hili: mkunga wa Kinande alimwacha mama wa Kinyarwanda peke yake mtoto akafa. Katika mji ule, miezi ile, neno kama hilo lilitosha kuleta watu wenye bunduki mlangoni. Nani angeuliza habari za mapacha?

Mama yake alipiga simu kutoka Butembo kila Jumapili. "Rudia nyumbani, mutoto wangu." Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Barabara ya kaskazini ilikatwa na mstari wa vita. Ilibaki njia ya kuzunguka: kuvuka mpaka, kupita Rwanda, kupita Uganda, kuingia tena kwa mlango wa Kasindi. Siku tatu za safari ili kufika mji ambao zamani ulikuwa wa siku moja. Mwezi wa kumi Olive alifunga begi. Angeondoka, na sentensi ile ingebaki Goma.

Jumapili aliyotaka kuaga, Nyiransengimana alibisha hodi. Alichukua mkono wa Olive, akauweka juu ya tumbo lake, na mkono wa mkunga haudanganyiki: miezi minne, au zaidi kidogo. Kisha akamnyooshea kidole.

"Huyu," akasema kwa Kiswahili chake chote. "Kwako."

Begi likafunguliwa.

*

Walianzia kwenye jiwe la kufulia. Olive alimwonyesha mdomo wake, akamwonyesha yeye, akasema, "Nifunze." Nyiransengimana alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaleta ungo wa maharage aliyokuwa akichambua, na hapo ndipo somo lilipopata utaratibu wake. Neno likitoka vizuri, punje moja iliwekwa kwenye jiwe upande wa Olive. Likitoka vibaya, punje ilirudi kwenye ungo; na za Olive zilikaa kwenye kopo, zikamwagwa tena juu ya jiwe kila somo. Jumapili ya kwanza, kutoka misa mpaka adhuhuri, Olive alipata punje saba.

"Na punje saba, muganga atalala njaa," Nyiransengimana akasema.

Maji, moto, mvua, maziwa. Olive alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa karibu na ya Kinande chake. Mwana alikuwa *umwana*. Jicho, mkono, mguu, yote yalikaa kama vyombo vya nyumba ya shangazi: umeingia mara ya kwanza, na bado unajua kikombe kiko wapi. Miaka yote aliyokaa Goma alikuwa ameziba masikio asisikie kitu ambacho nusu yake alikwisha kukijua. Hilo lilimkasirisha kuliko lilivyomfurahisha.

Lakini alikuwa na maneno yake aliyoyahitaji, na aliyaomba kwa kuyaficha katikati ya mengine, kama mtu anayenunua sumu ya panya pamoja na sukari. Kuacha. Kuchelewa. Kusikia. Nyiransengimana alimpa yote, akaweka punje.

Ua una macho. Mwezi wa pili wa masomo, muzee Adalbert alileta kiti chake mpaka kwenye jiwe.

"Olive."

"Ndiyo, muzee."

"Kwenye kilio ya Prodige, mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Karibu na mulango, muzee."

"Basi nilisikia muzuri. Mutu fulani aliapa."

"Uliskia muzuri."

"Sasa ni nani anaongea luga ile kwenye jiwe yangu? Unatafuta kazi kwa bakubwa bapya?"

"Ninatafuta maneno matatu tu, muzee."

"Maneno matatu, miezi mbili?" Mzee akainuka na kiti chake. "Ata mutoto mujinga anajifunza mbio kukupita."

Wanande wenzake wa kiwanja waliacha kumwekea bidoni yake ya kutekea maji kwenye foleni. Katika sala za mtaa, zamu yake ya kusoma ilipita kama upepo. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa Kiswahili badala ya Kinande, basi. Ramla naye, kazini, aliumia kwa sababu zake.

"Mama Olive, mimi niko hapa na Kinyarwanda yangu nzima, na wewe unaenda kununua ya rejareja! Sema kidogo nisikie."

Olive akasema kidogo.

"Ee Mungu wangu. Hiyo Kinyarwanda inaendesha chukudu na gurudumu moja."

Kufika mwezi wa kwanza, tumbo la mwalimu lilikuwa limeshuka, na mwanafunzi aliweza kuuliza maswali. Ndipo Olive akauliza swali alilolizunguka tangu mwanzo, akilisema polepole, kipande kwa kipande. Siku ile, kwa nini hukulia?

"Kulia?" Nyiransengimana alitazama huku na huku kama aliyesikia jambo la aibu. "Mimi ni mutoto?"

Akaeleza, kwa lugha yake, akirudia pale Olive alipokunja uso. Mlimani kwao, mwanamke hapigi kelele siku hiyo. Anauma kitenge. Bibi yake alizaa wanane, na mbuzi aliyefungwa kando ya kitanda hakuamka hata mara moja. Anayelia, wenzake humwimbia kisimani mpaka azeeke. Muganga akikuuliza kama unaumwa, unamjibu *ntacyo*. Utamjibu nini kingine?

Olive alikaa na mikono ndani ya maji ya sabuni. Sikio lake lile, alilolisifia miaka kumi, lilikuwa sikio la nyumba mbili tatu tu. Kulikuwa na wanawake wangapi kwenye kitanda cha ukutani kabla ya huyu?

"Lakini mimi nililia," Nyiransengimana akasema.

"Lini?"

"Siku ile. Mara moja. Kidogo tu, sauti ilinitoroka." Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Nafikiri ndiyo sababu mtoto alikwenda. Mara hii nitakaza. Hutasikia kitu."

Jua lilikuwa juu kabisa. Redio ya muzee Adalbert iliimba. Olive alitazama punje zake kwenye jiwe, mia na kitu, mavuno ya miezi mitatu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukaa karibu naye siku ya kuzaa, kumwokoa huyu wa pili, na deni la yule wa kwanza lingebaki kwa mama yake, aliyekwisha kulichukua mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Hakuna ambaye angejua. Ndiyo maana alijua hawezi.

"Naragusize," akasema. Nilikuacha.

Nyiransengimana akaweka punje, kwa mazoea.

"Naratinze." Nilichelewa.

Punje nyingine. Kisha mkono ukasimama hewani.

"Umwana yari muzima." Mtoto alikuwa hai. Olive akaweka sikio lake kwenye pembe ya mti isiyokuwapo, akapiga kidole kwenye jiwe, upesi upesi, kama moyo ule ulivyopiga saa tatu asubuhi. Akaonyesha vidole viwili: saa mbili. Akajionyesha. "Si sauti yako. Ni mimi." Hayo aliyasema kwa Kiswahili, maana maneno yake yalikuwa yamekwisha.

Alingoja kofi. Alingoja yowe ambalo lingeleta kiwanja kizima. Nyiransengimana alimtazama, uso wake umetulia kama ulivyotulia chini ya dari ile.

"Ntacyo," akasema.

Akaokota maharage kutoka kwenye jiwe, punje moja moja, yote, mpaka za siku ya kwanza, akayarudisha kwenye ungo. Akaenda chumbani kwake.

*

Wiki tano hawakusalimiana. Kila pikipiki iliyosimama langoni ilimsimamisha Olive katikati ya chumba, ameshika koti. Twagirimana aliendelea kumwamkia kwa heshima, na hapo alielewa kwamba mke hajasema. Hajasema bado, au hatasema? Ufunguo wa maisha yake ulikuwa kwenye chumba cha mabati, na aliyeushika hakuutumia wala hakuurudisha. Mama yake alipiga simu. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Olive hakulivuta.

Alisikiliza tu. Kutoka kwake aliweza kusikia ufagio wa Nyiransengimana ukisimama katikati ya ua, ukikaa, ukianza tena. Aliweza kusikia maji yakimiminwa polepole mno. Zamani angesema kule nyuma kumetulia.

Alhamisi moja, asubuhi ya mvua, chukudu ilisimama mbele ya kituo. Nyiransengimana alikuwa ameketi juu ya gunia tupu la makaa, kitenge kimelowa, na Twagirimana anahema. Njiani walipita vituo viwili vingine ambavyo mke angeweza kuingia. Alipita vitanda vitatu vitupu, akaenda kulala kwenye kile cha ukutani.

"Humura," Olive akamwambia. Usiogope.

Alimpima, akasikiliza mtoto, na alipotaka kuinuka alikuta kifundo cha mkono wake kimeshikwa. Uchungu ulipokuja, vidole vilikaza. Ulipopita, vililegea, lakini havikuachia. Mdomo wa Nyiransengimana ulikuwa umefungwa juu ya pindo la kitenge, na macho yake yalitazama ukuta.

Upande wa mlango, mwanamke wa Birere alimgeukia mumewe asiyekuwapo na kumwita majina ya wanyama.

"Mama Olive!" Ramla akaita. "Huyu amefika!"

Olive akajaribu kuvuta mkono.

"Ntugende," Nyiransengimana akasema kwenye kitenge. Usiende. Ndilo neno lake la kwanza kwa Olive baada ya wiki tano.

"Ramla, mpokee wewe."

"Mimi? Mimi ninafagia!"

"Leo unazalisha. Umeniona nikifanya mara elfu moja. Vaa glavu."

"Ee Mungu wangu!" Lakini alivaa.

Saa nne nzima Olive hakuondoka. Alikojoa? Hakukojoa. Alikunywa? Hapana. Mgongo ulimuuma, mvua ilipiga mabati, wanawake waliita mama zao na Mungu wao, na yeye alikuwa amefungwa kwenye mkono mmoja usio na sauti, akisoma kila kitu pale: sasa unakuja, sasa umezidi, sasa ni huyu. Kucha zilipopenya ngozi alijua kabla ya kutazama. Mtoto akatoka, wa kike, akalia kelele za watu kumi. Ramla kule mlangoni, akiwa na mtoto aliyemzalisha mwenyewe mikononi, aliruka kwa furaha na kukaribia kumwangusha.

Ndipo vidole vikaachia. Vilibaki vidonda vinne, kama miezi midogo michanga.

Olive alikaa kwenye meza na kuandika: tarehe, saa, kilo, wa kike, mzima. Kutoka kitandani Nyiransengimana alikuwa anamtazama, mtoto kifuani.

"Andika n'uwa mbere," akasema. Na yule wa kwanza.

Kalamu ilisimama. "Jina lake?"

Kwao mtoto hupewa jina siku ya nane, na yule hakufika hata dakika ya kwanza. Lakini jina lilikuwapo. "Ndayambaje," mama yake akasema, bila kufikiri, kama mtu aliyelitamka kila siku kwa mwaka mzima.

Olive alifunua kurasa kurudi nyuma, mpaka Jumanne ile. Akaandika jina. Kisha akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya *Mama hakulalamika*, mstari mwembamba ili maneno yaendelee kusomeka, na chini yake akaandika: *Moyo wa mtoto ulisikika saa tatu. Mkunga hakurudi mpaka saa tano.* Akatia sahihi kwa jina lake lote.

Ramla alisoma juu ya bega lake. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alishusha sauti.

"Mama Olive. Hii kitabu, mwisho wa mwezi inaenda kwa bakubwa."

"Najua."

"Unajua batasema nini? Na jina hili, na jina lako?"

"Najua, Ramla."

Kwenye kitanda cha dirishani mtu alianza kumwita mama yake, kwa Kinande, sauti ikipanda. Olive alisimama, lakini kwanza akapita vitanda vyote, kimoja kimoja, akaanza na wale walionyamaza, akiweka mkono juu ya kila tumbo. Halafu akaenda kunawa. Maji ya klorini yaliingia kwenye vile vidonda vinne, akauma meno, akaendelea kusugua.